Karatasi za Wodi ya Nne

Kila asubuhi Fundi aliamka, akafagia ua, akabandika maji ya kuoga jikoni. Maji yalipopata moto ndipo alipokumbuka kwamba hakuna tena wa kuogeshwa. Akayaipua, akaoshea vyombo.

Mama yake alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita. Majirani walikuwa wamekuja, wametoa pole, wamerudi kwao. Viti vya kuazima vilikuwa vimerudishwa. Katika nyumba ile wakabaki ndugu wawili: Fundi na mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa msusi. Alisuka wateja katika chumba cha mbele, na siku zile alisuka kimya, jambo ambalo si la kawaida kwa msusi. Fundi naye alikaa barazani na cherehani, akipiga pindo la suruali moja hata mara mbili. Kila mtu alimwita Fundi kwa sababu ya cherehani hiyo, hata mumewe.

Lakini Fundi hakuwa mkazi wa mji ule. Alizaliwa pale, akakulia pale. Miaka kumi na miwili iliyopita alihamia nchi nyingine, mbali. Huko alishona sare za wauguzi katika karakana kubwa. Huko aliolewa na mwoka mikate, mtu mpole, mwenye unga kwenye nyusi saa zote. Huko alimzaa binti yao wa pekee. Mtoto huyo alipoanza kusema, hakuanza na mama wala baba. Alianza na amri: kaa hapa, leta ile, usiimbe. Baba yake akacheka mpaka akashika mbavu, akampa jina la Bosi.

Huko pia Fundi alipata kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenye kadi hiyo si raia, ila anaruhusiwa kuishi na kufanya kazi bila kuomba upya kila mwaka.

Mama yake alipopata kiharusi, Fundi alikuja kumwuguza kwa wiki sita. Bosi alikuwa na miaka minne. Wiki sita zikawa miezi sita. Mama alipata nafuu, akaanguka tena. Akapata nafuu tena, akaanguka tena. Mdogo wake Fundi alikuwa na mgongo mbovu, asingeweza kumnyanyua mtu mzima kitandani. Mara tatu Fundi alisogeza mbele tarehe ya tiketi yake. Mara tatu alimwambia Bosi kwenye simu, "Mwezi ujao, mwanangu."

Miaka miwili na miezi mitatu ikapita hivyo. Mwanzoni Bosi aliuliza kila siku. Baadaye akauliza kila Jumapili. Mwishoni hakuuliza tena. Watu walisema mtoto amezoea. Mimi sikubali. Mtoto akiacha kuuliza, amechoka tu kudanganywa.

Sasa mama hayupo. Kilichobaki ni kurudi.

"Dada, unaondoka lini?" mdogo wake alimwuliza asubuhi moja.

"Nikipata nafasi kwenye ndege, hata Jumatatu."

"Na karatasi zako ziko sawa?"

Fundi akatoa kadi kwenye pochi. "Hebu soma mwenyewe. Mwisho wake bado miaka mitano. Kadi nzima nzima!"

Mdogo wake akaisoma, akaridhika. Hata mimi na wewe tungeridhika. Tarehe ilikuwa imeandikwa pale, haina doa.

Siku hiyo hiyo Fundi alikwenda kwenye ofisi ya tiketi. Mkata tiketi alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea. Alichukua pasipoti, akachukua kadi, akaanza kubonyeza kompyuta. Kisha akafungua ukurasa wa mihuri, vidole vikasimama.

"Mama, mara ya mwisho ulitoka kule lini?"

Fundi akamtajia mwezi na mwaka.

"Na tangu hapo hujarudi hata mara moja?"

"Nilikuwa namwuguza mama."

Kijana akashusha sauti. "Pole sana. Mimi nauza tiketi, si mtu wa uhamiaji. Ningeweza kukuuzia nikanyamaza. Lakini sitaki ufike kule uwanjani, ugeuzwe urudi na mizigo yako. Nenda kaulize kwanza. Kuna ofisi ya msaada wa sheria nyuma ya posta. Hawatozi kitu."

Fundi alitoka pale bila tiketi. Alirudi nyumbani akamsimulia mdogo wake.

"Hiyo ni rahisi," mdogo wake alisema upesi. "Mteja wangu mmoja aliniambia. Unaomba viza ya matembezi. Unasema unakwenda kusalimia. Ukishaingia, umeingia. Nani atakutoa kwa mumeo?"

Fundi alitamani sana iwe hivyo. Moyo ukishakuwa na haraka, njia ya mkato huonekana barabara kuu. Hata hivyo kesho yake alikwenda nyuma ya posta, na mdogo wake akafuatana naye.

Msaidizi wa sheria alikuwa mwanamke mnene, mwenye mafua na miwani mbili: moja puani, nyingine kichwani. Meza yake haikuonekana kwa mafaili. Fundi alipoanza kueleza, mwanamke yule alimkatiza.

"Karatasi iko wapi?"

Fundi akampa kadi. Akaeleza habari ya ugonjwa.

"Karatasi iko wapi?"

Fundi akasema alikuwa amekata tiketi ya kurudi.

"Karatasi iko wapi?"

Mdogo wake akashindwa kujizuia, akacheka puani. Tangu siku hiyo wale ndugu wawili walimwita Bi Karatasi. Yeye mwenyewe hakujua, au alijua akapuuza.

"Sikiliza, dada yangu," Bi Karatasi alisema. "Hiyo tarehe kwenye kadi imekudanganya. Imewadanganya wengi kabla yako. Tarehe inasema kadi itachakaa lini. Haisemi wewe unaweza kukaa nje muda gani. Kadi ya ukaazi ni ya mtu anayekaa. Kule kwenu, ukikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea, wanahesabu kwamba pengine umehama."

"Sikuhama! Mume wangu yuko kule. Mtoto wangu yuko kule."

"Mimi nakuamini. Lakini atakayekuhoji hakujui. Kibali cha kurejea huombwa kabla hujaondoka. Unawaambia: natoka, nitakawia, nitarudi. Hukuomba?"

"Nilikuwa natoka kwa wiki sita tu."

"Kila mtu hutoka kwa wiki sita," Bi Karatasi alisema, akapenga kamasi.

Mdogo wake Fundi akaingilia. "Shangazi, na akiomba viza ya matembezi?"

Bi Karatasi akavua miwani ya puani. "Ataulizwa anakwenda kufanya nini. Atasema nini? Anakwenda kutembea nyumbani kwake? Huo ni uongo, na ataweka sahihi chini yake. Wakigundua, wanaweza kumfungia mlango miaka mingi. Tena huenda wakamtaka kwanza aurudishe ukaazi wake, kwa hiari yake mwenyewe, na kalamu yake mwenyewe. Mwambie mteja wako asuke nywele, sheria atuachie sisi."

"Basi nimekwisha," Fundi alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Hujakwisha. Unakwenda ubalozini, unaomba kurejea kama mkazi. Utahojiwa. Watataka kujua mambo matatu. Ulipoondoka ulikuwa na haki ya kuishi kule? Hilo kadi inajibu. Ulikuwa na nia ya kurudi, na nia hiyo hukuiacha? Na kilichokuchelewesha, kilikuwa nje ya uwezo wako? Hayo mawili hayajibiwi kwa machozi. Mumeo alete mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote. Alete barua ya karakana na barua ya shule ya mtoto. Wewe lete tiketi ulizosogeza tarehe. Halafu lete karatasi zote za hospitali. Zote. Hizo ndizo uti wa mgongo."

Fundi akamgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu.

"Ziko wapi?" Fundi aliuliza. "Si zilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya kabati?"

"Nilizichoma," mdogo wake alisema.

"Ulifanya nini?"

"Siku ile ulipokwenda kufuata cheti cha kifo. Nilikuta mfuko ule, nikaona majina ya dawa, nikaona vipimo, nikashindwa kupumua. Nilidhani nauchoma ugonjwa, dada." Alianza kulia kwa sauti. "Sikujua nakuchoma wewe."

Fundi hakumgombeza. Hakuwa na nguvu za kugombana. Lakini alihisi mlango wa nyumba yake kule mbali ukifungwa, na Bosi yuko upande wa pili.

Bi Karatasi aliwaacha walie kidogo. Kisha akasema, "Mkimaliza, nendeni hospitali. Zilizoungua ni zenu. Hospitali ina zake."

Walikwenda siku ya pili. Mtunza masjala alikuwa mzee mwembamba anayetembea katikati ya rafu kama mtu aliye sebuleni kwake. Aliwaeleza bila haraka. Kila mgonjwa aliyelazwa ana faili. Mgonjwa akifa, faili halifi, hutunzwa. Ndugu wa karibu anaweza kuomba nakala. Aandike barua ya maombi, aambatanishe cheti cha kifo na kitambulisho, na hati inayoonyesha kwamba ni mtoto wa marehemu.

"Mnataka kurasa zipi?" aliuliza.

"Zote," Fundi alisema.

"Wodi ya nne, miaka miwili." Mzee akatikisa kichwa. "Njooni keshokutwa, na mje na mfuko imara."

Keshokutwa walipewa rundo la karatasi zenye muhuri. Walikaa kwenye benchi nje ya masjala wakaanza kuzipanga kwa tarehe. Fundi alisoma kama mtu anayerudi njia aliyokwisha kuipita. Siku ya kulazwa. Siku mama aliposema neno lake la kwanza baada ya kiharusi. Siku aliposimama kwa kushikiliwa. Siku alipoanguka tena. Kila karatasi aliijua. Alikuwapo.

Kisha akafika kwenye karatasi ambayo hakuijua.

Ilikuwa ya wiki ya mwisho, maelezo ya muuguzi wa zamu ya asubuhi. Mwandiko wake ulikuwa safi, wa mtu asiyekimbia. Ilisema hivi: "Mgonjwa amekataa dawa kwa siku ya tatu. Akili zake ni timamu. Anasema: binti yangu ana mtoto mdogo anamngoja, na kila siku ananiambia anataka kurudi kwake. Mimi nikizidi kukaa, atazidi kuchelewa. Ameomba binti yake asiambiwe. Daktari amejulishwa."

Fundi alisoma mara moja. Akasoma tena. Mdogo wake akainyoosha shingo, naye akasoma.

Asubuhi zile Fundi hakuwa wodini. Asubuhi alikuwa nyumbani anashona, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Alifika jioni, na jioni mama yake alimpokea kwa uso mkunjufu. "Leo niko vizuri, mwanangu," alimwambia. Tena alimwuliza habari za Bosi. Amekuwa? Meno ya mbele yametoka? Bado anagawa amri? Fundi alimsimulia yote, na yule mama alicheka kwa upande mmoja wa uso uliobaki na uhai. Alikuwa anaaga, na Fundi hakujua.

"Amenifukuza," Fundi alisema. "Mama amenifukuza kitandani kwake."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nilikuwa namwambia kila siku! Kila siku namwambia nataka kurudi, nataka kurudi. Nilidhani tunapiga soga tu. Kumbe nilikuwa namwua."

Alilia pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa na wauguzi, bila kujifunika uso. Sina maneno ya kupunguza kilio kile, wala sitajaribu. Mdogo wake alimshika mabega mpaka akanyamaza. Kisha Fundi akaitoa karatasi ile kwenye rundo, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi peke yake.

Ofisini, Bi Karatasi alipanga rundo lote. Aliona pengo la tarehe mara moja.

"Hapa kuna ukurasa umekosekana. Karatasi iko wapi?"

Fundi akaitoa, akampa aisome, akanyoosha mkono arudishiwe. "Hii haiendi ubalozini. Hii ni yangu na mama yangu."

Bi Karatasi alisoma polepole. Alipomaliza hakupenga kamasi, ingawa pua ilikuwa inamtiririka.

"Hakuna wa kukulazimisha," alisema. "Karatasi nyingine zinaweza kutosha. Zinaweza pia zisitoshe. Mimi siwezi kukuapia. Ila nikueleze jambo moja, kisha uamue mwenyewe. Hizi nyingine zote zinaonyesha mama yako alikuwa mgonjwa. Hazionyeshi wewe ulikuwa na nia gani. Mtu anaweza kumwuguza mama yake na huku ameshahama. Hii peke yake inasema kila siku ulitaka kurudi. Imeandikwa na mtu asiyekujua, kabla hujajua kwamba utaihitaji."

"Niwape wageni kifo cha mama yangu wakipige muhuri?"

"Nimesema uamue mwenyewe."

Fundi aliikunja tena, akaondoka nayo.

Mumewe alifanya sehemu yake. Kila alipotoka kwenye tanuri asubuhi alikwenda ofisi hii na ofisi ile, na unga kwenye nyusi. Mwenye nyumba alitoa nakala ya mkataba. Karakana iliandika kwamba nafasi ya Fundi bado ipo, na kwamba alipoondoka aliaga kwa likizo, hakuacha kazi. Shule iliandika jina la mama wa mtoto na tarehe ambazo mama huyo alipiga simu kuulizia masomo. Alipomaliza kutuma vyote, alimpigia Fundi.

"Wakikataa itakuwaje?" aliuliza.

"Sijui, baba Bosi."

"Mimi nimejitahidi, mke wangu. Nimejifunza kusuka nywele. Nasuka vibaya, watoto wanamcheka shuleni, lakini yeye ananiambia ni nzuri." Sauti yake ikakatika. "Ananionea huruma, mtoto wa miaka sita. Rudi."

Siku ya mahojiano Fundi alivaa gauni la kijivu alilolishona mwenyewe. Chumba cha ubalozi kilikuwa kidogo, chenye meza, viti viwili na saa ya ukutani iliyosimama. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu na uso usiosema kitu. Alisoma barua. Alisoma cheti cha kifo. Alihesabu tiketi tatu.

"Pole kwa msiba," alisema. "Naona mama yako alikuwa mgonjwa kweli. Lakini mdogo wako alikuwapo. Miaka miwili ni mingi. Hapa ulikuwa na nyumba, ulikuwa na wateja. Nitajuaje kwamba hukuwa umeamua kuishi huku?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa amefanya mazoezi ya jibu hilo na Bi Karatasi. Alijua aseme mgongo wa mdogo wake ni mbovu, aseme habari ya karakana. Lakini alimfikiria mwoka mikate akihangaika na kitana. Alimfikiria pia mama yake, aliyetaka jambo moja tu lifanyike na akalilipia peke yake. Kama Fundi akikataliwa leo, mama yake atakuwa amekufa bure.

Akafungua pochi. Akaitoa karatasi, akaikunjua, akailaza mezani.

Afisa alisoma. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Ulijua habari hii?" aliuliza.

"Nimejua mwezi huu. Nilipokwenda hospitali kuomba nakala."

"Na huyu muuguzi, unamfahamu?"

"Hapana. Sijui hata ni nani kati yao."

Afisa akainuka. Alikwenda kutoa nakala, akarudi, akamrudishia Fundi karatasi yake kwa mikono miwili. "Utapata jibu kwa maandishi," alisema. Hakusema zaidi.

Jibu lilichukua wiki tano. Katika wiki hizo Fundi alisafisha kaburi la mama yake kila Ijumaa. Wakati mwingine alimkasirikia, akamwambia hivyo hivyo kwa sauti. Wakati mwingine alimshukuru. Mara nyingi alikaa tu. Mdogo wake alikuja naye, wakakaa wote.

Jibu lilipokuja, lilikuwa la kukubaliwa. Bi Karatasi alilisoma neno kwa neno, akatafuta kosa, akalikosa. "Haya," alisema. "Sasa nenda, na usinirudie tena hapa." Kisha akamkumbatia mpaka miwani ya kichwani ikaanguka.

Mumewe na Bosi walimpokea uwanjani. Mwoka mikate alilia waziwazi. Bosi alikuwa amerefuka. Meno ya mbele yalikuwa yametoka, makubwa kuliko uso. Alimtazama Fundi, akatazama mizigo, kisha akasema kwa adabu:

"Shikamoo."

Alisema kama anavyosalimiwa mgeni wa baba.

"Marahaba, mwanangu," Fundi alijibu. Alitaka kumnyanyua. Aliogopa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bosi alifunga vifungo vyake mwenyewe. Akiumia alimkimbilia baba. Fundi alipotaka kumsuka, alisema baba anajua anavyopenda. Fundi aliumia, lakini hakulazimisha.

Alirudi karakanani, akapewa meza ya nyuma karibu na dirisha. Siku moja mpiga pasi alisema baba yake anaumwa, anakwenda kumwona wiki tatu tu. Fundi akasimamisha cherehani.

"Umeomba kibali cha kurejea?"

"Wiki tatu, Fundi! Kibali cha nini?"

"Na zikiwa sitini? Kamwulize baba yako atapona lini, kama anajua."

Hakumwachia. Baada ya kazi walikwenda pamoja ofisi ya uhamiaji, wakauliza masharti, wakajaza fomu kabla tiketi haijakatwa. Fundi alimwambia atunze kila karatasi ya hospitali hata ya kipimo kidogo, aweke na nakala kwa mtu mwingine. Alimwambia pia asiende kwa maneno ya mtu aliyetoka nchi nyingine, kwa sababu kila nchi ina sheria zake, na sheria hubadilika. Aulize wenye ofisi. Mpiga pasi alinung'unika njia nzima, lakini alijaza.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mwoka mikate alikuwa amelala baada ya kazi. Fundi alichukua kikapu chake. Bosi akamfuata mpaka mlangoni, akasimama katikati.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua uzi. Sketi yako ya shule imefumuka."

"Utarudi lini?"

"Sasa hivi tu."

Bosi hakusogea. "Baba alisema mtu akienda bila kuomba kwanza, wanaweza kumkatalia kurudi."

"Ni kweli."

"Basi omba."

Fundi akaweka kikapu chini. Akachutama mbele ya mtoto wake, macho kwa macho. "Naomba ruhusa ya kwenda dukani," alisema.

"Utakaa muda gani?"

"Nusu saa."

Bosi akafikiri. Alikwenda kuchukua daftari, akachana ukurasa, akalala kifudifudi sakafuni akaandika. Iliwachukua muda mrefu, yeye kuandika na mama yake kungoja. Kisha akainuka, akampa karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka.

Iliandikwa: MAMA ANAENDA DUKANI. ANAISHI HAPA.

Fundi aliitia karatasi ile kwenye pochi, akaenda kununua uzi. Alikwenda mbio, mtu mzima na kikapu chake, na watu njiani wakamshangaa. Alirudi kabla nusu saa haijaisha. Bosi alikuwa bado amesimama mlangoni.